Konekta haikai kwenye bodi? Pima kwanza, usisukume

Mafundi wenzangu habari zenu. Huku Mtwara msimu wa korosho ukianza tu meza yangu inajaa mizani za digitali, zikipungua zinaingia tivii na vile vidude vya sola, na kazi nyingi zinazonifikia zikiwa zimeshapita mkono wa fundi mwingine ugonjwa wake ni ule ule. Konekta ya mwanzo, kile kiungio chenye pini cha kuunganisha waya na bodi, ilikufa, ikatafutwa nyingine inayofanana kwa macho, pini za mwisho zikagoma kuingia, jamaa akazikunja kidogo akasukuma mpaka ikakaa. Siku hiyo inawaka, mteja anashukuru anaondoka, wiki tatu mbele yuko mlangoni tena. Naandika kwa urefu kidogo maana inaniuma kuona bodi nzima inakufa kwa tofauti ambayo hata jicho haliioni.

Kinachotusumbua ni nafasi, yaani kutoka katikati ya pini mpaka katikati ya pini inayofuata. Tuliyoizoea ni mm 2.54, ambayo ni sehemu moja ya kumi ya inchi, ndo ya bodi za matundu za kujaribia na zile pini ndefu za kukata vipande. Sasa unakuta konekta nyingi sana zimetengenezwa kwa milimita wala siyo kwa inchi. JST XH (JST ni kampuni, XH ni aina), ile nyeupe iliyojaa kwenye mizani na kwenye waya za kubalansi betri za litiamu, ni 2.50. JST PH ndogo yake ni 2.00. Molex PicoBlade, ya kampuni nyingine, ni 1.25. Ile nyeupe kubwa ya bodi ya pawa ya tivii, JST VH, ni 3.96. Afu zile za kijani za kubana waya kwa skrubu, zipo za 5.00 na zipo za 5.08, ukiziweka kiganjani zote mbili huwezi kusema ipi ni ipi.

Ukisikia 2.50 na 2.54 unasema aah, 0.04 hiyo ni nini? Kwa pini 3 au 4 kweli unaweza usijue kabisa, tundu lina uwazi kidogo linameza. Lakini ile tofauti haikai pale pale, inajumlishana kila unaposogea. Pini 10 zina nafasi 9, tayari umekosea mm 0.36. Pini 20 ni mm 0.76, hapo pini ya mwisho iko nje ya tundu kabisa, inagonga ukingo wa pedi, ile shaba inayozunguka tundu. Za skrubu ndo mbaya zaidi, 5.00 na 5.08 zinapishana 0.08, ukiwa na ya miguu 12 umeshatoka karibu mm 0.9.

Kwaiyo kupima kwenyewe usipime pini mbili zilizopakana, hata ukiwa na kalipa (kile kipimio chenye taya mbili) nzuri mkono ukitetemeka kidogo tu jibu linahama. Pima kutoka pini ya kwanza mpaka ya mwisho, ubavu wa kushoto wa hii mpaka ubavu wa kushoto wa ile, afu gawanya kwa idadi ya pini toa moja. Kwa mfano pini 11 zikikupa mm 25.0 hiyo ni 2.50, zikikupa 25.4 hiyo ni 2.54, na tofauti hiyo hata rula ya shule inaionyesha. Kama huna kalipa, chukua karatasi nyeupe ngumu kidogo, ichomeke kwenye pini za konekta mpaka zitoboe, itoe, afu ilaze juu ya matundu ya bodi uangalie kwenye mwanga wa dirisha. Matundu ya karatasi na ya bodi yakianza pamoja na yakaachana kadiri unavyoenda, jibu unalo, rudisha hiyo konekta kwenye mkebe.

Tuje kwenye dalili sasa.

Pini za upande mmoja zimeingia, za upande wa pili zinagoma

Hii ndo dalili safi kuliko zote na ni rafiki yako, inakwambia mapema. Usikunje. Kama zote zinagoma kuanzia ya pili, hujakosea kidogo, umeshika ya 2.00 unaiweka kwenye 2.54 au kinyume chake, tafuta nyingine. Kama zinaanza kugoma katikati au mwishoni basi ni ndugu hawa wa 2.50 na 2.54.

Dawa ya kwanza ni kupata konekta sahihi, na bodi mbovu zilizolala chini ya meza zinazo nyingi. Ukitaka kuitoa kwenye bodi ya zamani iongezee risasi mpya (ile ya kuchomea) kwanza kwenye kila mguu, kwa sababu bodi za siku hizi zimechomewa kwa risasi isiyo na lede (ile metali yenyewe ya risasi) inayoyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi, ukiichanganya na yetu ya kawaida ya 183 inalainika mapema na pedi haiungui.

Dawa ya pili, ya kutumia konekta isiyo sahihi kwa vipande, nitaielezea hapo chini kwenye kisa cha mizani.

Inafanya kazi afu inakatakata, hasa jua likiwa kali

Hapa naomba mtulie maana ndo penye maumivu.

Ililetwa mizani moja kutoka upande wa Tandahimba, ya kupimia magunia. Mzee aliyeileta ananiambia, "Mwanangu, asubuhi inasoma vizuri, ikifika saa sita mchana namba zinakatika vipande, nane inakuwa tatu." Nikamwambia shikamoo mzee, iache, kesho jioni nitakupa jibu. Nafungua nakuta konekta inayounganisha bodi kubwa na bodi ya kioo cha namba, pini 14, mtu kaweka pini za kukata za 2.54 kwenye matundu ya 2.50. Piga hesabu, nafasi 13 mara 0.04 ni mm 0.52. Pini nane za katikati zimesimama wima, tatu za kila upande zimelala kuelekea ndani kama minazi iliyopigwa na upepo wa bahari. Nikaweka lenzi. Kwenye pini ya 13 na ya 14 kuna duara jembamba jeusi limezunguka mguu katikati ya risasi, jembamba kama unywele. Hiyo ndo kesi yenyewe. Pini iliyokunjwa inataka kurudi ilivyokuwa, inavuta risasi usiku na mchana, risasi inachoka inapasuka kuzunguka mguu, asubuhi kwenye ubaridi pamegusana, mchana plastiki ikipata joto inatanuka panaachana.

Ukitaka kuhakikisha usitegemee macho peke yake. Zima umeme, weka mita kwenye buza (ile inayolia pakiwa na mawasiliano), ncha moja kwenye pini yenyewe kwa juu, ncha nyingine kwenye traki, ule mstari wa shaba wa bodi (siyo kwenye risasi ya mguu huo, nenda mbele mpaka sehemu nyingine ya traki hiyo hiyo), afu isukume pini taratibu kwa kijiti cha mbao huku na huku. Buza ikikatika umeipata. Wengi wanaweka ncha juu ya risasi, ile ncha inaibana risasi na mguu vinagusana, buza inalia vizuri, fundi anasema hapa pazima anahamia kwingine, siku nzima inapotea.

Kosa lingine ni kuipashia tu joto upya ile risasi iliyopasuka. Itashika, ndiyo, lakini pini bado imekunjwa bado inavuta, utakuwa umemkopesha mteja wiki tatu nyingine. Lazima ule mvutano uondoke.

Nilichofanya: nikakata plastiki ya konekta kwa kikatio kidogo kati ya pini na pini mpaka kila pini ikabaki peke yake, nikazitoa moja moja kwa pasi na koleo. Ukijaribu kuzitoa zote 14 kwa pamoja unang'oa pedi, sikushauri hata kama una bloa ya hewa moto. Matundu nikayasafisha kwa waya wa kunyonyea risasi. XH ya pini 14 sikuwa nayo, mteja anarudi kesho na ghala linamsubiri, kwaiyo nikachukua zile zile pini za 2.54 nikazikata vipande, vinne vya pini tatu tatu na kimoja cha pini mbili. Kila kipande kina kosa dogo tu ambalo tundu linalimeza, na kila kipande kipya kinaanza hesabu upya. Ila kuna kitu watu wanasahau, plastiki ya kipande cha pini tatu ina upana wa mm 7.62 na nafasi yake kwenye bodi ni 7.50, ukivipanga bila kuvipunguza vinasukumana umerudi kule kule. Piga msasa laini pembeni pande zote mbili mpaka vikae vimepakana bila kubanana, weka soketi ya waya juu yake ili ivishike kwenye mstari, ndo uchome. Anza na pini moja ya kila kipande, angalia vyote vimesimama wima, afu malizia zilizobaki.

Angalizo, konekta ya asili ina kuta za plastiki zinazozuia soketi isiingie kichwa chini miguu juu, ukiweka pini tupu huo ulinzi haupo. Nilichora alama ya wino usiofutika kwenye pini ya kwanza, kwenye bodi na kwenye soketi. Na mizani ya biashara ukishaifungua haiendi moja kwa moja kwenye korosho za watu, inapita kwanza Wakala wa Vipimo ihakikiwe upya. Kilo za mkulima zile, zimekaa shambani mwaka mzima.

Imekaa vizuri kabisa lakini mashine inafanya kinyume

Hapa nafasi ni sahihi ila mpangilio wa waya siyo. Kwa mizani, ukiweka mzigo na namba inashuka kwenda hasi, waya mbili za jozi moja ya lodi selo (kile kipande kinachohisi uzito) zimebadilishana, zigeuze basi. Ikionyesha imezidiwa wakati juu hakuna kitu, waya wa umeme umebadilishana na waya wa ishara. Rangi zinasaidia, mara nyingi nyekundu na nyeusi ni za umeme, kijani na nyeupe za ishara, lakini siyo viwanda vyote vinafuata hivo. Njia ya uhakika ni mita. Waya ziko nne, ukizipima mbili mbili unapata majibu sita. Kwa selo za kawaida za ohm 350, jozi mbili tu zitatoa namba kubwa, 350 mpaka 410 hivi, zingine nne zitakuwa chini zaidi. Hizo jozi mbili kubwa ndo umeme na ishara, na mara nyingi ile kubwa zaidi ndo ya umeme.

Kwa betri ndogo zenye JST PH kuwa makini mno. Hakuna sheria kwamba chanya iko kulia au kushoto, kila mtengenezaji anaamua mwenyewe, konekta inaingia vizuri kabisa inalia tik na bodi inaungua papo hapo. Pima na mita kila mara, hata kama betri na bodi umenunua duka moja.

Soketi inaingia lakini inalegea

Angalia unene wa pini. XH na zile pini za kukata zote ni za mraba mm 0.64, kwaiyo tominali zake (vile vishikio vya chuma ndani ya soketi) zinaazimana, unaweza kuichomoa tominali kwenye plastiki yake ukaivalisha pini moja moja na mpira wa kunywea kwa joto. Lakini PH ni mm 0.5, ukiivalisha tominali ya 0.64 inaning'inia tu, leo inagusa kesho haigusi. Usiibane kwa koleo ukadhani umetibu, ile springi ya ndani inalala moja kwa moja.

Plastiki imekuwa ya kahawia, kuna harufu ya kuungua

Konekta ilibebeshwa mzigo usio wake. VH ya 3.96 inabeba mpaka ampea 10, XH ampea 3, PH ampea 2. Nimeziona bodi za sola ambazo mtu kakosa VH akachomeka XH kwa kutanua miguu, taa zinawaka, akiongeza feni konekta inakuwa jiko. Hapa hakuna ujanja wa vipande, ama upate ya saizi ile ama uchomee waya mnene moja kwa moja kwenye bodi na kuufunga usivutwe.

Na kwetu huku kuna chumvi. Kuanzia Mikindani mpaka Lindi mjini, nyumba zilizo karibu na bahari konekta inaota ukijani ndani ya muda mfupi, ukijani unaongeza ukinzani, ukinzani unaleta joto. Ukikuta kijani usiishie kupuliza, safisha kwa spiriti kali na brashi ya meno, na kama tominali imeshaliwa badilisha. Kama ni bodi ya pawa ya tivii hakikisha umetoa umeme kwenye ile kapasita kubwa kabla hujagusa, umeme wa volti 230 ukishanyooshwa unafika kama volti 325 na unaweza kubaki pale hata plagi ikiwa imechomolewa.

Pini moja haifanyi kazi kabisa japo risasi yake inang'aa

Uliza kama kuna mtu alitanua tundu kwa drili ili konekta iingie. Bodi za pande mbili zina shaba ndani ya tundu, inaunganisha traki ya juu na ya chini, drili ikipita ile shaba inaondoka na bodi haikwambii kitu. Unachoma chini vizuri, juu hakuna mawasiliano. Weka buza pedi ya juu na pedi ya chini, zikiwa kimya fuata traki ya juu, ikwangue kidogo, chomea jampa ya waya mwembamba mpaka kwenye mguu. Kwa hiyo drili kwenye bodi ya pande mbili hapana. Kwenye bodi za upande mmoja, zile za kahawia, unaweza ukatanua kidogo kama pedi bado ina nyama ya kutosha.

Pini zinashikana kwa risasi

Hii ni ya zile ndogo, 1.25, 1.0, na zile za ribon (waya bapa) za mm 0.5 kwenye tivii. Mara nyingi risasi ni nyingi na flaksi (dawa ya kusaidia risasi ishike) ni kidogo. Paka flaksi mstari mzima, futa ncha ya pasi ibaki na risasi kidogo sana, nyuzi 330 mpaka 350, vuta kutoka pini ya kwanza mpaka ya mwisho kwa mwendo mmoja. Palipobaki pameshikana weka waya wa kunyonyea.

Haikai kwenye bodi ya matundu

Hili wanaliuliza sana vijana wanaojifunza. Arduino Uno, ile bodi ya kujifunzia, ina nafasi ya ajabu kati ya pini 7 na pini 8, siyo 2.54, ni 4.06, ndo maana safu tatu zinakaa kwenye bodi ya matundu na ya nne inagoma, hujakosea wewe. Ama ukunje miguu mirefu ya safu hiyo mara mbili, iende kama mm 1 afu ishuke wima, kabla ya kuchoma na siyo wakati wa kusukuma, ama safu hiyo uilete kwa waya. Moduli za redio za XBee ni 2.00. USB ile ya mraba ya printa ni 2.5 upande mmoja na 2.0 upande mwingine. DB9, ile plagi ya pini tisa, ya nyuma ya mizani inayokwenda kwenye printa ni 2.77 na safu zake ziko mbali 2.84. Zote hizi usihangaike nazo, chomea waya fupi laini kila mguu afu konekta yenyewe uifunge kwa skrubu kwenye boksi, nguvu ya kuchomeka na kuchomoa ibebwe na boksi wala siyo na risasi.

La mwisho ni kuagiza. Spea nyingi tunazitoa Kariakoo zinakuja na basi, na Mei 2024 barabara ilipokatika kule Somanga tulikaa siku na siku hakuna mzigo, tukaishi kwa bodi mbovu. Usitume picha peke yake, muuzaji atakuletea ya kufanana. Mwandikie hivi: "pini 14, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho mm 32.5, nafasi 2.50, pini ya mraba 0.64, imesimama wima, yenye kuta." Mzigo ukifika pima palepale ofisi ya basi kabla hujasaini.